Nailoni
Nailoni, uzi usiotokana na pamba, sufu wala hariri bali na kemia tupu, ilibuniwa tarehe 28 Februari 1935 na mwanakemia Wallace Carothers katika maabara ya DuPont, Wilmington, Marekani. Naye, kwa masikitiko makubwa, alifariki mwaka 1937, asidiriki kuona soksi ndefu za kike zikigombaniwa madukani tangu 15 Mei 1940, hata Vita vya Pili vya Dunia vilipoutwaa uzi huo kwa miavuli ya askari. Kwetu faida yake iliyo dhahiri zaidi ni nyavu, zilizoenea maziwani Afrika Mashariki miaka ya 1950, kwa kuwa haziozi upesi majini kama za pamba na kitani, ambazo sharti zianikwe juani. Na samaki wauzwao mjini Bunia, Kongo, mtaa wa Mudzipela ukiwamo, wakipandishwa kutoka Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, aghalabu hunaswa kwa nyuzi za jinsi hiyo.