Farasi wa Sebuleni

Reli iliyopita Fort Ternan, karibu na milima yetu ya majani chai nchini Kenya, mwaka 1901 ikielekea Ziwa Viktoria iliwaletea walowezi majembe, fanicha na hata farasi. Njoro, upande wa juu wa reli hiyo hiyo, Charles Clutterbuck alifuga farasi wa mbio, na binti yake, Beryl Markham, aliyekulia mazizini, akapata leseni ya kufunza farasi akiwa na miaka 18 hivi.

Walowezi wengi walitoka Uingereza, nchi ambako farasi alitundikwa ukutani kando ya picha za mababu. Hilo halikuwa pambo tu. Farasi wote wa mbio wa uzao wa Thoroughbred duniani, kwa upande wa baba, hufuatiliwa hadi kwa madume watatu walioletwa Uingereza kutoka Mashariki, mmoja wao akiwa Darley Arabian, aliyetoka Aleppo mwaka 1704. Mali ya mfugaji ilikuwa nasaba, na picha ikawa hati yake. Ndiyo maana mchoraji humsimamisha farasi kiubavu, kifua, mgongo na miguu yote minne ionekane. Matajiri walinunua mchoro wa rangi za mafuta. Wengine walitosheka na chapa za karatasi.

Hodari wa wachoraji hao alikuwa George Stubbs, mwana wa fundi wa ngozi wa Liverpool. Alijifungia katika kijiji cha Horkstow miezi 18 akipasua mizoga ya farasi, na mwaka 1766 akachapisha kitabu cha maumbile yao.

Kazi yake inayonigusa zaidi ni ya uzeeni. Mwaka 1799 Hambletonian alishinda mbio za Newmarket kwa tofauti ndogo mno, baada ya kuchapwa vibaya na mpandaji wake. Stubbs hakuchora shangwe. Alimchora farasi hoi akipanguswa jasho, mtu mmoja amemshika hatamu, mwingine ana kitambaa mkononi, wote wawili wakitukazia macho. Mwenye farasi, Sir Henry Vane-Tempest, alikataa kulipa. Stubbs akamshtaki, akashinda.

Picha nyingi za mbio humtaja farasi na tajiri wake. Hii inawatazamisha watu wa kazi, nao, kwa maoni yangu, ndio wenye haki ya kutundikwa katika nyumba ya nchi ya majani chai. Atakayepata nakala aiweke mbali na moshi wa meko, na kwenye ukuta mkavu, kwa sababu ukungu wa milima hii hutia karatasi madoa ya kahawia.