Rangi za ramani: Wekundu wa lami ulivyopotea kwenye dashibodi

Google Maps ilitimiza miaka 20 Februari 2025, na sifa zikamiminika. Dereva anayetoka Kitale kwenda Bungoma ana swali kabla ya kupiga makofi: mbona lami na changarawe zimepakwa rangi moja?

Zamani haikuwa hivyo. Waliopitia Jiografia ya KCSE wanaifahamu karatasi nambari 75/3 ya Kitale, ya kipimo cha 1:50,000, kutoka Idara ya Upimaji ya Kenya. Ufunguo wake ulitenganisha barabara ya lami ya msimu wote, iliyochorwa kwa wekundu, ya changarawe ya msimu wote, na ile ya kiangazi tu. Aliyeuandaa aliijua mvua ya Trans Nzoia.

Ramani ya ndani ya gari ilianza kimaskini. Mwaka 1985 kampuni ya Etak ya California iliuza kifaa kilichochora mistari ya kijani kwenye kioo cheusi, data ikisomwa kutoka kwa kaseti. Wajapani wakaleta skrini za rangi. Magari yao hutufikia Mombasa yakiwa mitumba, na skrini ama huonyesha Japani, ama hudai kadi ya ramani kwa Kijapani. Basi simu ikapachikwa dashibodini.

Kisha ukazuka ugomvi wa 2023. Google ilibadilisha rangi zake: barabara zilizokuwa za manjano na nyeupe zikawa kijivu, maji yakakaribia kijanikibichi, misitu ikapauka. Elizabeth Laraki, aliyekuwa miongoni mwa wabunifu wa ramani hiyo mwaka 2007, hakunyamaza. Novemba mwaka huo aliandika kwenye X kwamba ramani imekuwa baridi, imepungua usahihi na utu. Akahesabu vitu kama 11 vilivyorundikwa juu yake, akashauri viondolewe kwanza. Wengine walidai Google imeiga Apple. Kampuni haikurudi nyuma.

Laraki alisema kweli, ila kwa Bungoma ugomvi huo ulikuwa wa watu wa mbali. Hata manjano ya awali yalionyesha cheo cha barabara, si uso wake. Kwa Waingereza na Wajapani cheo huja na lami. Kwetu barabara yaweza kuwa na cheo na bado ikazamisha matatu Aprili. OpenStreetMap huwaruhusu watu wa kujitolea kuandika uso wa barabara, lakini barabara nyingi za vijijini bado hazijafikiwa.

Aibu ni yetu pia. Karatasi nyingi za 1:50,000 hazijasahihishwa kwa miaka mingi, huku barabara ya Kitale–Endebess–Suam ikijengwa upya hadi mpakani.

Bodi ya Barabara Kenya huorodhesha barabara pamoja na hali ya uso wake. Iifungue orodha hiyo kwa wachora ramani wote. Hadi hapo, msomaji, ukionyeshwa njia ya mkato na simu wakati wa masika, muulize kwanza mwendesha bodaboda.