Stesheni ya Nachingwea na Funzo Lake kwa Wakulima

Ndugu Wanachama,

Sisi tukaao Ukonga tumezoea kulisikia gari moshi likipita kwenda Pugu, katika reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Kwa mazoea hayo twaweza kudhani kwamba reli ikiisha kutandikwa haiondoki tena. Wenzetu wa Kusini wajua kwamba sivyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Kwa hiyo mwaka 1947 Serikali yake ilianzisha Mpango wa Karanga, kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Ili karanga za Nachingwea zifike baharini, ilijengwa reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, nayo ikafunguliwa mwaka 1949. Mwaka 1954 bandari ya Mtwara na reli yake zikaanza kazi. Lakini mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kuvunjwa tangu Januari 1951, na hasara yapata pauni milioni 36 ikafutwa vitabuni. Udongo na mvua vilikisiwa kwa haraka, wala mkulima mwenyeji hakuwa na sauti katika makisio hayo.

Mwaka 1958 reli ikaongezwa hata Masasi. Hata hivyo karanga zilizotazamiwa hazikuja, na mazao ya wakulima wadogo yalikuwa bado machache, hayatoshi kulipa gharama. Mwaka 1962 njia yote ikafungwa, na stesheni ya Nachingwea pamoja nayo. Kisha reli zikang'olewa.

Lakini wakulima wa Kusini hawakuacha kupanda mikorosho. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho yapata tani 145,000, na sehemu kubwa ilitoka huko huko. Mzigo ulifika, reli haipo. Mkulima akabaki kutegemea malori na barabara zilizoharibika wakati wa mvua. Na mpaka daraja la Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Dar es Salaam alikuwa akingoja kivuko.

Ndugu Wanachama, walioifunga reli ile hawakukosea hesabu ya mwaka wao, kwani hasara ilikuwapo. Walichosahau kuhesabu ni miti michanga iliyokuwa ikikua mashambani.

Nimeyaandika haya kwa sababu katika mikutano yetu yasikika maneno ya kuliuza ghala la Chama, kwa kuwa msimu uliopita lilikaa nusu tupu. Mali bila daftari huisha bila habari. Basi tufungue daftari, lakini tusisome ukurasa mmoja tu. Kabla ya kupiga kura, kila mmoja na aseme amepanda nini, na atavuna lini. Ghala likiisha kuuzwa, mavuno mema hayatalirudisha.

Wenu katika Ushirika,
Katibu