Umeutoa Wapi?

Mamangu aliuza mboga sokoni Makupa tangu sijaanza shule mpaka macho yalipomchoka. Mezani pake palikuwa na mchicha, mnavu, mchunga na kisamvu, na masika yakishika, uyoga. Mboga nyingine zote alianza kwa kuulizia bei. Uyoga hakuanza hivyo. Mwanamke wa pande za Rabai akitua pakacha lake, mama alifunua majani ya mgomba, akainama akatazama bila ya kugusa, kisha akauliza:

“Umeutoa wapi, mwanangu?”

“Kichuguuni, mama.”

“Kichuguu cha wapi?”

Hapo maelezo yakaanza: nyuma ya boma la fulani, karibu na mkwaju, baada ya mvua ya juzi. Mama akisharidhika, ndipo bei ilipotajwa. Lakini muuzaji akisema kwamba aliuona nyasini kando ya njia, mama aliyarudisha majani juu ya pakacha, akamkaribisha chai na mahamri, na uyoga ule hakuununua hata uwe mweupe na mnono kuliko wa jana.

Nilifundisha bayolojia kwa miaka zaidi ya thelathini, na swali lile la mama sikupata kulipita. Uyoga hubadilika sura kama kinyonga. Asubuhi ni kijiti chenye kichwa kilichofumbwa kama ngumi, jioni ni mwavuli, kesho yake kofia imepasuka kingo na rangi imeoshwa na mvua. Ulioota kivulini huwa mwembamba na umepauka, na mwenzake wa jamii hiyohiyo aliyepigwa na jua huwa mfupi, ngozi yake imechanika magamba. Anayetambua uyoga kwa sura peke yake anamtambua mtu kwa shati alilovaa. Waswahili walikwisha sema: nyumba njema si mlango.

Swali hilo la mahali lilikuwa na maana zaidi pale Makupa, kwa sababu Makupa ni mlango wenyewe. Kabla ya daraja, hapa ndipo maji yalipokupwa mtu akavuka kwa miguu kati ya kisiwa cha Mombasa na bara. Wareno walilijua hilo, wakajenga vingome vya kulinda kivuko. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliokuwa wamepiga kambi ng'ambo, walivuka hapa wakaingia kisiwani, wakati manowari za Wareno zimemzingira Amir Ali Bey, jemadari wa Waturuki, na watu wake mjini. Miaka minne baadaye ujenzi wa Ngome ya Yesu ukaanza.

Vita ndivyo vilivyoandikwa vitabuni, lakini siku za kawaida kivuko kilipitisha chakula. Kutoka ng'ambo vilikuja vitu ambavyo kisiwa hakikuwa navyo vya kutosha: mahindi, mtama, asali, kuni, mboga za mwituni. Kutoka mjini vilirudi chumvi, nguo na samaki mkavu. Uyoga ulikuwa miongoni mwa mizigo midogo kabisa, tena wa haraka. Uliochumwa alfajiri lazima uuzwe kabla ya adhuhuri, maana jua likiuzidi hulainika na funza huanza kutoka kwenye bua. Kwa hiyo uyoga uliofika Makupa ulitoka mwendo wa asubuhi moja: Jomvu, Changamwe, Rabai. Aliyeuchuma ndiye aliyeubeba, na ndiye aliyesimama mbele ya mama. Swali lilikuwa na mtu wa kulijibu.

Halafu likaja gari la moshi. Mwaka 1896 Waingereza walivusha reli hapa kwa daraja la mbao, na daraja la reli la hapa likaitwa Salisbury, jina la waziri mkuu wao. Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi, mwaka 1901 ikafika Kisumu. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1920, mkondo ukajazwa mawe na udongo ikawa njia kavu. Reli ikageuza mwelekeo wa mlango: sasa waliokuja walikuwa watu, kutoka Nyanza, Ukambani na magharibi, kufanya kazi bandarini Kilindini na kwenye reli yenyewe. Walipanga vyumba katika nyumba za Kiswahili za Majengo na Makupa, chumba kimoja vijana watatu wanne. Kila mmoja alikuja na lugha yake, na ndani ya lugha hiyo alikuja na uyoga wake. Mjaluo aliuita obwolo, Mluhya obwoba, na kila jina lilikuwa limefungwa kwenye ardhi ya kwao.

Sisi watu wa mji hatukuwa walaji wakubwa wa uyoga. Wengi waliuona chakula cha shamba, wengine waliuogopa tu. Maalimu wetu wa chuoni alikuwa akitutania kwamba tunadharau kitu kilichotajwa kwa heri: katika hadithi za Mtume imo kamaa, uyoga wa jangwani, uliohesabiwa kuwa ni katika jamii ya mana na maji yake kuwa dawa ya macho. Jamaa zetu walioko Oman wanaujua, huko huitwa fagaa. Hauna kofia wala bua. Ni donge kama kiazi, hukaa chini ya mchanga, na hutafutwa baada ya mvua za mapema kwa kutazama nyufa ndogo na vijimea vinavyoota juu yake. Mchumaji wa jangwani hauoni uyoga kabisa. Anaona mahali tu, halafu anachimba.

Hapa kwetu mahali penye heshima ni kichuguuni. Mchwa wa kichuguu hawali majani makavu moja kwa moja. Huyatafuna, wakayapanga chini kama sega, wakaotesha kuvu juu yake, ndipo wakala. Ni ukulima wa mamilioni ya miaka, mkongwe kuliko jembe lolote. Mvua ikishuka kumbikumbi huruka, na baadaye kuvu hilo husukuma uyoga wake juu. Mfaransa Roger Heim ndiye aliyeipa jamii hiyo jina la kisayansi mwaka 1942, Termitomyces. Jamii ni moja lakini maumbo hayafanani hata kidogo. Upo wa Zambia ambao kofia yake hufika upana wa mita moja, mtoto akajikinga nayo mvua. Upo mwingine mdogo wa kidole gumba, huota kwa mamia kama mchele uliomwagika, pale mchwa walipotoa vipande vya sega lao nje. Mgeni akiviona viwili hivyo haviiti ndugu. Ule mkubwa mchumaji huuvuta taratibu, akafuata bua linalozama ardhini kama mzizi mrefu uliochongoka, mpaka kwenye sega. Bua hilo ndilo ushahidi, si kofia.

Kuna wa kwenye miti mikavu. Mitaa ya Mombasa imejaa majina ya miembe, Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, na mwembe ukifa kisiki chake huwa shamba. Huko huota viuyoga vigumu vya rangi ya majivu kama vipepeo vidogo, na pengine uyoga laini wa hudhurungi unaofanana na sikio la mtu mpaka unashtuka kuushika. Kuna wa samadini, ambao kofia yake huyeyuka wino mweusi kabla ya magharibi. Na kuna wa msitu wa mirihi, kama Arabuko-Sokoke, ambao nyuzi za kuvu lake zimeshikamana na mizizi ya mti hai: mti hulipa kuvu sukari, kuvu huleta maji na chumvi za ardhi. Mbambakofi nao huishi kwa mkataba huo. Kwa hiyo katika milango ya nakshi ya Mji wa Kale iliyochongwa mbambakofi, iko iliyonyonya kwa kuvu kabla haijafika kwa fundi. Mchumaji wa msitu haulizi kofia ina rangi gani mpaka ameangalia juu, mti gani umesimama.

Na kuna wa nyasini. Huo ndio mama aliokuwa akiurudishia majani.

Nilielewa sababu masika moja, mimi tayari ni mwalimu. Nyumbani kwetu alipanga kijana wa magharibi aliyefanya kazi bandarini, mpole, mkono wake haukuwa mtupu kwa mama. Jumapili alipita kando ya reli akakuta uyoga mweupe mkubwa, umejipanga nyasini nusu duara. Alifurahi kama aliyekutana na jirani wa kwao. Mama alikuwa sokoni, hakuwapo wa kuuliza. Wenzake wakaukaanga kwa vitunguu, wakauunga kwa tui la pili, wakala na sima. Hazikupita saa mbili, wote watatu walikuwa uani wanatapika, miguu haiwashiki. Tuliwapeleka hospitali kwa mkokoteni. Walipona, ingawa mmoja alikaa siku nne.

Kesho yake nilikwenda relini. Nilichuma mmoja uliobaki. Kofia ilikuwa na magamba ya hudhurungi katikati, bua lina pete inayosogea kwa kidole kama pete ya mwanamke aliyekonda, na chini lilivimba, halikuwa na ule mzizi mrefu. Vijikunjo vya chini, vilivyopangana kama kurasa za msahafu, vilikuwa vyeupe vinavyoanza kuingia ukijani. Nilikata bua, nikailaza kofia juu ya karatasi nyeupe, nikaifunika kwa bakuli. Asubuhi karatasi ilikuwa na mchoro wa mistari ya vumbi la kijani, kijani cha maji ya mnavu uliochemshwa. Wa kichuguuni huacha vumbi la waridi hafifu. Huu wa nyasini wenye vumbi la kijani, Chlorophyllum molybdites kwa jina la vitabuni, huota nyasini na viwanjani katika nchi nyingi za joto, na ukiliwa huwatapisha watu.

Mama alipoambiwa hakumlaumu kijana. Alisema maneno sita: “Kwao anaujua. Hapa lakini si kwao.”

Sijapata kusoma maelezo bora kuliko hayo. Kijana hakuwa mjinga. Alikuwa na elimu ya mama yake, iliyopimwa vizazi na vizazi, ila ilipimwa kwenye ardhi nyingine. Sura aliikuta, mahali hakupakuta, naye akaamini sura. Jambo hilohilo limewapata wahamiaji wa Asia kule California: wameuona uyoga unaofanana na ule wa mabua ya mpunga wa kwao, wakaula, kumbe ni Amanita phalloides, unaoharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi sumu yake. Wengine walikufa.

Wenye kuandika vitabu wamefuata njia ya mama. Mwaka 1977 David Pegler wa bustani ya Kew alitoa orodha kubwa ya uyoga wa Afrika Mashariki, akieleza kila mmoja kwa umbo na kwa mahali ulipookotwa. Huko Tanzania, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland pamoja na Leonard Mwasumbi wa Dar es Salaam walichukua elimu ya wanavijiji kuwa ni elimu, na kitabu chao cha mwaka 2003 kinaonyesha upi huliwa na upi hudhuru. Buganda hawakungoja kitabu: wana ukoo mzima wa Butiko, ukoo wa uyoga, na kwao uyoga ni mwiko, hawauli.

Makupa ya leo imebadilika. Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 2022, ile njia ya mawe na udongo ikaondolewa, na maji yakapata tena kupita chini. Lakini visiki vya miembe vimeng'olewa, na kichuguu sikumbuki lini niliona cha mwisho mtaani. Kilichobaki ni nyasi: za viwanja, za kando ya barabara, za mbele ya maofisi. Yaani mahali pote ambapo mama angenunua pameondoka, pakabaki pale ambapo asingenunua. Uyoga wa dukani unakuja kwenye visahani vya plastiki, umepandwa ndani ya mifuko ya majani makavu, na huo ni salama. Tatizo ni mtoto wa mjini anayeuona mweupe uwanjani baada ya mvua, akamkumbuka nyanya yake.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mambo mawili. Kwanza, msiamini vipimo vya kusikia: ya kwamba sarafu ya fedha au kitunguu kikigeuka rangi ndio sumu, au ukiliwa na wadudu basi na mtu atakula. Mdudu hana ini la binadamu. Pili, aliye na mama au nyanya anayejua uyoga wa kwao aende naye shambani masika haya, aandike jina pamoja na mti, kichuguu, mwezi na mvua. Jina bila ya mahali ni hatari kuliko kutojua kabisa.

Na ukiuziwa uyoga wa porini sokoni, uliza kwanza umetoka wapi. Muuzaji asipoweza kukujibu, mpe chai, uyoga mwachie.