Je, Dhambi na Uovu ni Mapenzi ya Mungu?

Katika misiba yetu, kuanzia Kahororo hadi vijiji vya Muleba, sentensi moja husikika karibu kila mara: kazi ya Mungu haina makosa. Husemwa kwa imani na kwa nia njema. Husemwa kwa mzee aliyefariki akiwa ameshiba siku, kwa mama aliyeangukiwa na ukuta wakati wa tetemeko, na kwa kijana aliyegongwa na dereva mlevi. Je, vifo hivi vitatu ni kazi ya Mungu kwa maana moja? Mafundisho ya Kanisa yanatuongoza kujibu: hapana.

Uovu ni nini?

Mungu aliviona vyote alivyoviumba kuwa ni vyema sana (Mwa 1:31). Kwa sababu hiyo Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba uovu si kitu kilichoumbwa, bali ni upungufu wa wema unaopaswa kuwapo. Mkulima wa Kagera anaweza kulielewa jambo hili shambani mwake. Mgomba unapougua mnyauko, ugonjwa huo si mgomba wa pili uliopandwa kando yake. Ni uzima wa mgomba uleule uliopungua. Vivyo hivyo uovu hauwezi kusimama peke yake. Hukaa ndani ya kitu chema na kukiharibu.

Aina mbili za uovu

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatofautisha uovu wa kimaumbile na uovu wa kimaadili (KKK 310-311). Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu na kubomoa nyumba nyingi hapa Bukoba, na kusababisha Shule za Sekondari Ihungo na Nyakato kufungwa, ni mfano wa aina ya kwanza. Dunia iliyoumbwa bado iko safarini kuelekea ukamilifu wake, na katika safari hiyo mna kujenga na kubomoka.

Uovu wa kimaadili ni mzito zaidi, kwa kuwa hutoka katika utashi wa kiumbe huru. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Maji ya ziwa yalifuata maumbile yake. Kujaza chombo kupita kiasi ni tendo la binadamu.

Kutaka na kuruhusu

Hakuna kinachotokea nje ya maongozi ya Mungu. Hata hivyo, kutaka si sawa na kuruhusu. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaeleza kwamba Mungu hataki uovu wa dhambi utendeke. Anataka kuuruhusu, na kuruhusu huko ni kwema. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulikataa fundisho kwamba usaliti wa Yuda ni kazi ya Mungu sawasawa na wito wa Paulo. Mungu si chanzo cha dhambi, wala moja kwa moja wala kwa njia ya kuzunguka (KKK 311). Anairuhusu kwa sababu anauheshimu uhuru aliotupa, na kwa sababu anaweza kutoa jema hata katika baya. Yosefu aliwaambia hivyo ndugu zake waliomuuza (Mwa 50:20). Juu ya yote, kutokana na kuuawa kwa Mwanae, Mungu alituletea wokovu. Lakini uovu haugeuki kuwa wema kwa sababu hiyo (KKK 312). Msalaba ulituokoa, na bado usaliti wa Yuda ulikuwa dhambi.

Dhambi ina mwenyewe

Dhambi ya mauti huhitaji mambo matatu: jambo zito, ufahamu kamili na ridhaa ya makusudi (KKK 1857). Ndiyo maana Yoshua bin Sira anamkataza mtu kumsingizia Bwana kosa lake (Ybs 15:11-20), na Mtakatifu Yakobo anafundisha kwamba Mungu hamjaribu mtu kwa maovu (Yak 1:13).

Hapa ndipo mazoea yetu ya msibani yanapoweza kutudhuru. Tukisema kwamba kifo cha yule kijana ni kazi ya Mungu tu, tumemnyima marehemu haki yake. Tena tumemnyima dereva njia ya kurudi: kama kosa ni la Mungu, yeye hana la kutubu, na asiye na la kutubu hana la kusamehewa. Kulitaja kosa kwa jina lake, kulikiri katika Sakramenti ya Kitubio na kulipa madhara ndiyo njia ya huruma.

Tuseme nini kwa wafiwa?

Yesu alikataa kusema kwamba watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wakosefu kuliko wengine (Lk 13:4-5). Kaburini kwa Lazaro alilia kabla ya kumfufua (Yn 11:35). Nasi tukae na wafiwa, tulie nao, tuwaombee marehemu Misa, na tuwaambie kwamba Mungu hajawaacha.

Kila siku katika sala ya Baba Yetu tunaomba mapenzi ya Mungu yatimizwe duniani kama mbinguni. Kama kila litokealo lingekuwa tayari ndilo alilolitaka, Bwana asingetufundisha kuliomba.