Kiwambo cha Sauti kwa Bunduki Ndogo ya .22: Kipi Chepesi, Kipi Kimya, na Nyama Yake Vipi?



Familia nyingi za Unguja na Pemba zina watoto na ndugu walioko Uingereza, Marekani na kwingineko. Baadhi yao wanaishi karibu na mashamba, na huko kuwinda sungura kwa bunduki ndogo ni jambo la kawaida. Wakulima wenyewe huwakaribisha wawindaji kwa sababu sungura hula mazao yao. Kijana akishaingia katika uwindaji huo, haichukui muda atauliza mambo mawili: kiwambo gani cha kuzuia sauti kinafaa, na je, nyama ya mnyama aliyepigwa hivyo ni halali? Wazazi walioko huku nao hutaka kujua kama hicho kiwambo si kitu cha majambazi, kama wanavyokiona katika filamu. Tumeona tuyaeleze yote pamoja.

Kwanza sheria ya nchi

Tunaanza hapa kwa sababu hapa ndipo kijana anapoweza kuharibikiwa na maisha kwa kitu kisichofika nusu kilo. Kiwambo kimoja kile kile ni bidhaa ya kawaida dukani katika nchi moja, na ni kosa la jela katika nchi nyingine.

New Zealand, ambako sungura waliletwa na wageni wakageuka kuwa balaa la mashamba, mwindaji hununua kiwambo bila kibali chake maalumu. Uingereza, kiwambo cha bunduki ya .22 kwa miaka mingi kimehitaji kuandikwa katika cheti cha silaha kinachotolewa na polisi. Kumekuwa na hatua za kuilegeza sheria hiyo, basi mtu aulize polisi wa eneo lake siku anayotaka kununua, asitegemee alichosikia kwa rafiki. Bunduki yenyewe inahitaji cheti, sababu ya msingi ya kuwa nayo, sanduku la chuma la kuihifadhia na ruhusa ya mwenye ardhi.

Marekani kuna mtego ambao wanafunzi wetu wengi hawaujui. Tangu sheria ya mwaka 1934, kiwambo kinahesabiwa kuwa ni silaha kwa nafsi yake na lazima kisajiliwe serikalini kwa picha na alama za vidole. Kodi ya dola 200 iliyokuwa ikitozwa imeondolewa kwa viwambo tangu mwanzo wa mwaka 2026, lakini usajili haukuondolewa. Majimbo kama California, New York na New Jersey hayaruhusu raia wa kawaida kuvimiliki kabisa. Na aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo, sheria ya shirikisho inamkataza kuwa na silaha au risasi isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, mfano kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kwa hiyo kijana anayeshikishwa bunduki na mwenzake wa chuoni "ajaribu kidogo tu" ajue kwanza yeye yumo katika fungu gani.

Huku kwetu, silaha haishikwi ila kwa leseni ya polisi, na kwa jirani zetu Kenya sheria ya silaha inakihesabu kiwambo ndani ya maana ya silaha. Tunasisitiza: asithubutu mtu kutia kiwambo katika begi la safari kuja nacho nyumbani, hata kikiwa kitupu, hata kama bunduki kaiacha huko. Wala asijitengenezee mwenyewe kwa mabomba na vifaa anavyoviona vinauzwa kwenye mitandao. Aliyeingia nchi kwa ruhusa yake ameingia kwa ahadi, na Muislamu anatakiwa kutimiza ahadi.

Kifaa chenyewe

Risasi ya .22 ni ya aina inayoitwa rimfaya, yaani kipigio cha bunduki hugonga ukingo wa kitako cha ganda, si katikati. Ile ya kawaida, .22 Long Rifle, ipo tangu mwaka 1887. Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi, na baruti yake ni kidogo sana. Ndiyo maana ni rahisi kuitia kiwambo.

Kiwambo kilipewa hataza Marekani mwaka 1909 kwa jina la Hiram Percy Maxim. Baba yake ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha ya Maxim, ile iliyotumiwa na wakoloni kuwafyeka watu Afrika. Mwana akaja na cha kunyamazisha. Njia aliyoitumia ni ile ile ya eksozi ya gari: moshi wa baruti unapotoka mdomoni mwa mtutu kwa nguvu, hauachiwi kupasuka hewani mara moja, bali hupitishwa katika vyumba vidogo vilivyotengwa kwa visahani vyenye tundu katikati. Humo hupunguza kasi na joto, kisha hutoka taratibu.

Neno "kimya" lisimdanganye mtu. Mlio wa bunduki ndefu ya .22 bila kiwambo ni kama desibeli 140, kiwango ambacho wataalamu wa masikio huhesabu ni cha hatari kwa mtu mzima hata kwa mlio mmoja. Kiwambo kizuri huushusha hadi 115 au 120. Bado ni sauti, ila haimdhuru mwindaji papo hapo na haimwamshi jirani usiku wa manane. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka wa desibeli 120, kwa hiyo mtoto aliyefuatana na baba yake avalishwe vikinga masikio, kiwambo kiwepo kisiwepo.

Ukimya hununuliwa kwanza kwenye risasi

Hili ndilo tungependa msomaji alishike kuliko mengine yote. Mtu anaweza kununua kiwambo cha bei ya juu kabisa, akatia risasi isiyofaa, na bunduki yake ikalia kuliko ya mwenzake mwenye kiwambo cha bei nafuu.

Sababu ni hii. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20. Risasi ikienda kwa kasi kuliko hiyo, hupasua hewa na kutoa mlio mkali kama mjeledi njia nzima, na mlio huo hauzuiliki na kitu chochote kilichofungwa mdomoni mwa mtutu. Risasi za .22 za kasi kubwa huenda kama mita 380 kwa sekunde, basi mjeledi ule upo. Zile zilizotengenezwa ziende polepole kuliko sauti huwa kama mita 320, na hizo ndizo zinazofanya kiwambo kionekane kina kazi.

Baridi nayo ina lake. Joto likishuka hadi sifuri, kasi ya sauti hushuka hadi mita 331 hivi. Risasi ya kawaida iliyokuwa kimya kiangazi inaweza kuanza kulia katikati ya Januari, na mtu akadhani kiwambo kimeharibika. Na wale wanaovutiwa na .17 HMR wafahamu kuwa hiyo huenda zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Kiwambo kitaituliza kidogo, lakini kimya haitakuwa.

Baada ya risasi, tazama bunduki. Ya bolti, inayofunguliwa kwa mkono, hufunga moshi wote ndani. Ya kujifyatulia ganda yenyewe huvujisha sauti pembeni, karibu na sikio la mpigaji. Mtutu wa sentimita 40 humaliza kuunguza baruti yote ndani, lakini mtutu mfupi hukitupia kiwambo kazi isiyokuwa yake. Hapo tena ndipo kije kiwambo.

Uzito, na kile kinachobaki ndani

Kiwambo kinaning'inia mwisho wa mtutu, pahali ambapo gramu mia huonekana kama nusu kilo mkono ukichoka. Vya alumini huwa kati ya gramu 80 na 130 hivi. Vya chuma cha pua hufika 200 au zaidi. Vya titani vinakaribia wepesi wa alumini na ni vigumu zaidi, ila ni ghali, na usiku hutoa cheche.

Kwa anayetembea shambani na bunduki nyembamba ya bolti, sisi tungechagua chenye mwili wa alumini na visahani vya chuma cha pua, angalau kile cha kwanza kinachopokea moto. Chepesi kabisa chote cha alumini kinatosha kwa .22 ya kawaida, lakini husafishwa kwa tabu, na kwa risasi nzito zaidi kama .22 Magnum huliwa haraka. Tena isomwe karatasi ya mtengenezaji: kilichoandikwa .22 LR tu kisitiwe Magnum.

Visahani vyenye umbo la koni vilivyopangwa kimoja kimoja kwa kawaida hunyamazisha vizuri zaidi kuliko kipande kimoja kilichochongwa, hasa mlio wa kwanza. Mlio wa kwanza huwa mkubwa kuliko inayofuata, kwa sababu ndani ya kiwambo kuna hewa safi inayoungua pamoja na moshi. Kwa mwindaji wa sungura, huo wa kwanza ndio anaouhitaji.

Halafu kuna hesi za kufungia. Bunduki za Marekani mara nyingi huja na hesi za 1/2x28, za Uingereza 1/2x20. Zinakaribiana kiasi cha mtu kulazimisha, na akilazimisha kiwambo hukaa upande, na risasi itagonga visahani. Kifungwe kwa mkono, bunduki ikiwa tupu, kisha itazamwe kama tundu limenyooka sawa na mtutu. Baada ya hapo alengwe upya shabaha, maana uzito ule huhamisha pahali risasi inapoangukia.

Sasa tufike kwenye jambo linalozihusu nyumba zenye watoto. Kichwa cha risasi ya .22 aghalabu ni madini ya risasi matupu, au yaliyopakwa shaba nyembamba tu. Kila mlio huacha unga wa madini hayo ndani ya kiwambo pamoja na masizi. Baada ya mamia ya risasi kiwambo chepesi huwa kizito, na kisipofunguliwa visahani hugandana. Kwa hiyo tusinunue kisichofunguka. Madini ya risasi ni sumu inayodumaza akili za watoto. Kisifunguliwe jikoni, wala kwenye sinki linalooshewa vyombo. Kifunguliwe nje, kwa glavu, kisuguliwe kwa brashi na mafuta badala ya kukwanguliwa kikavu, na taka zake zipelekwe zinapopokelewa taka za sumu. Ipo dawa inayosifiwa ya kuchanganya siki na haidrojeni peroksaidi. Hiyo huyeyusha madini na kuyageuza maji ya sumu, tena huila alumini. Tunaikataza.

Nyama yake

Sungura ni halali, na imethibiti katika Hadiyth ya Anas kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alipelekewa nyama yake akaipokea. Suali lipo katika namna ya kuuliwa kwake.

Neno letu "bunduki" linatokana na Kiarabu, na katika vitabu vya fiqhi vya zamani "bunduq" ni vidonge vya udongo vilivyorushwa kuwindia. Wanazuoni wa Kishaafi'iy na wengineo walisema mnyama aliyekufa kwa vidonge hivyo haliwi, kwa sababu kafa kwa kishindo, naye ni sawa na aliyepigwa akafa, aliyeharamishwa katika Suratul-Maaidah. Asili yake ni Hadiyth ya 'Adiyy bin Haatim kuhusu fimbo ya kuwindia: kilichotobolewa kwa ncha kinaliwa, kilichopigwa kwa ubavu hakiliwi. Risasi za leo zilipokuja, wanazuoni wengi, akiwemo Ash-Shawkaaniy, walisema hizi zinatoboa, hivyo zina hukumu ya mshale. Wapo walioendelea kuikataa.

Kwa hiyo mtu alitaje Jina la Allaah anapofyatua, na akimkuta mnyama yungali hai, amchinje. Hapo hakuna khilafu ya kumtia wasiwasi. Akimkuta amekwisha kufa kwa jeraha lililotoboa, ameachiwa na kauli ya wengi wa zama hizi. Akimkuta amekufa majini, amwache.

Hapa ndipo kiwambo kinapoingia katika hukumu kwa mlango wa nyuma. Bunduki ikilia, sungura wengine hukimbia na mwindaji humwendea aliyeanguka. Bunduki ikiwa kimya, wenzake hubaki wanakula majani, na mwindaji huvutika kupiga wa pili, wa tatu, huku wa kwanza anagaragara au anakufa kabla kisu hakijamfikia. Amepoteza uchinjaji, na amekosa ihsani aliyoamrishwa katika kuua. Ampige mmoja, amwendee, amchinje, kisha arudi.

Na risasi hii ndogo huruka zaidi ya kilomita moja na nusu, na hurukaruka ikigonga jiwe au maji. Anayeishi ng'ambo ya kichaka hatausikia mlio wa kumtahadharisha. Basi asipigwe mnyama aliyesimama juu ya kilima na mbingu nyuma yake. Lazima nyuma yake kuwe na udongo.

Wa-Allaahu A'lam.