Marhamu ya Antibiotiki, Iliyofichwa Ndani ya "Dawa ya Kupaka"

Mtu mwenye tatizo la ngozi akiingia duka la dawa, Matiri au kwingineko wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma, ombi lake huwa fupi: "Dada, naomba ile dawa ya kupaka." Muuzaji akiuliza, "Ya tyubu?" naye akaitikia, biashara imekwisha. Lakini kabatini mle mna tyubu za namna tatu zisizo na undugu wowote. Moja ni ya bakteria. Nyingine ni ya fangasi. Ya tatu haiui kitu. Ni steroidi, na kazi yake ni kutuliza uvimbe na mwasho kwa kuipunguza nguvu kinga ya ngozi yenyewe. Zote tatu zimepewa jina moja, na jina hilo linataja anachofanya mpakaji, halitaji inachofanya dawa.

Ninayotaka kuizungumzia ni ile ya kwanza, ambayo kwa jina kamili ningeiita marhamu ya antibiotiki. Kila neno hapo lina kazi, na sehemu kubwa ya usalama wa dawa hii imo katika kuyaelewa maneno yenyewe.

Marhamu ni neno la Kiarabu tulilokwisha kulifanya letu. Msomaji wa Biblia analijua kwa habari ya mwanamke aliyempaka Yesu miguu. Kwa mfamasia maana yake ni finyu zaidi: dawa iliyochanganywa katika mafuta mazito, ikakaa juu ya ngozi bila kukauka upesi. Mafuta yakichanganywa na maji huwa krimu. Marhamu huifaa zaidi ngozi kavu yenye magamba. Pale panapochuruzika majimaji, krimu hukaa vizuri zaidi. Zaidi ya hapo tofauti yao haina haja ya kutuchelewesha.

Antibiotiki ndiyo yenye mambo. Selman Waksman, mtafiti wa udongo nchini Marekani, ndiye aliyelieneza neno hili katika miaka ya 1940, kwa maana ya kemikali inayotengenezwa na kiumbe kidogo ili kukizuia kiumbe kidogo kingine. Maabara yake ndiyo iliyotoa streptomaisini mwaka 1943, na neomaisini mwaka 1949, ambayo bado imo katika tyubu nyingi za kupaka. Mupirosini, ambayo pengine ndiyo bora kwa vidonda vidogo vya ngozi, hutoka kwa bakteria aitwaye Pseudomonas fluorescens. Asidi ya fusidiki ilitolewa kwa kuvu na kampuni ya Leo ya Denmark, ikaanza kutumika mwaka 1962. Basitrasini ina asili ya ajabu kidogo: mwaka 1943, huko New York, watafiti waliikuta katika kidonda cha mguu cha msichana mdogo aliyeitwa Margaret Tracy. Walichukua mwanzo wa jina la bakteria, Bacillus, wakaliunganisha na jina la ukoo la mtoto huyo. Wazungu nao, kumbe, hubuni istilahi kwa kushona viraka.

Kwetu wanaleksikografia walibuni kiuavijasumu. Neno limeundwa vizuri kisarufi na linaingia katika ngeli bila taabu. Pamoja na hayo sikubaliani nalo, na sababu yangu si kwamba ni refu. Kijasumu ni kiumbe chochote kidogo kiletacho maradhi. Bakteria ni kijasumu, virusi ni kijasumu, na fangasi wa choa naye hawezi kutolewa humo. Anayesoma kwamba tyubu hii ni kiuavijasumu ana haki kabisa ya kuipaka kwenye mapunye ya mwanawe, kwa kuwa jina limemruhusu. Vimelea, neno linalopendwa na Wizara ya Afya katika kampeni dhidi ya UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, nalo ni pana vilevile. Antibiotiki halimwambii chochote mkulima wa kahawa, ni kweli. Lakini angalau halimdanganyi. Likiandamana na maelezo mafupi, dawa ya bakteria, linatosha. Mtaalamu mkali atasema baadhi ya dawa hizi huwazuia bakteria wasizaliane na haziwaui, na atakuwa sahihi. Ndiyo maana nasema dawa ya bakteria, neno kuua naliacha.

Sasa bakteria gani, na kidonda gani? Wanaohusika zaidi ni wawili, Staphylococcus aureus na Streptococcus pyogenes. Hungoja mlango. Mbinga milango ni mingi: jembe lililoteleza mtu akichimba ngoro, yale mashimo ya kilimo, mlimani, funza aliyetolewa kwa mwiba usio safi, upele uliokunwa usiku kucha. Chini kwenye Ziwa Nyasa, Mbamba Bay na Liuli, kuna ndoana na miiba ya samaki. Ugonjwa unaofaa hasa kutibiwa kwa marhamu ya antibiotiki ni ule wa watoto unaoanza na malengelenge madogo puani au mdomoni, yakapasuka, yakaacha gamba la manjano kama asali iliyoganda. Madaktari huuita impetigo, na Kiswahili hakina jina lake lililokubalika. Madoa yakiwa machache, tyubu inatosha. Yakitapakaa mwilini, au homa ikiingia, mtoto anahitaji dawa ya kumeza na apelekwe zahanati. Streptokoka wa ngozi wana tabia moja mbaya: wiki chache baada ya kidonda kupona, figo zinaweza kuvimba. Mtoto akiamka uso umejaa au mkojo una rangi ya chai ya rangi, asipakwe chochote, apelekwe hospitali.

Jipu haliponywi kwa kupaka. Usaha umefungiwa ndani na marhamu haiufikii. Unahitaji kutolewa na mhudumu wa afya kwa kifaa safi. Uvimbe mwekundu wa moto unaotanda, ambao wengi huuita tambazi, uko chini ya ngozi na ni wa hospitali siku hiyohiyo. Choa na mapunye ni fangasi. Ukurutu si maambukizi, ingawa unaweza kuingiliwa na bakteria. Na kidonda ndugu, kile cha mguuni kisichofunga, mara nyingi kina kisukari nyuma yake, na mgonjwa anaweza kupoteza mguu huku kabati lake limejaa tyubu tupu.

Katika uuzaji wa dawa hizi mkoa wa Ruvuma una historia ya pekee. Zamani maduka ya vijijini yaliitwa maduka ya dawa baridi. Kisheria yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, lakini antibiotiki zilikuwamo chini ya meza, kwa sababu wagonjwa walikuwapo na famasi hazikuwapo. Mwaka 2003 Mamlaka ya Chakula na Dawa, ikishirikiana na shirika la Management Sciences for Health la Marekani kwa fedha za mfuko wa Gates, ilianza majaribio ya Duka la Dawa Muhimu, na mkoa uliochaguliwa ni Ruvuma. Muuzaji alipewa mafunzo, duka likakaguliwa, na orodha ya dawa zinazoruhusiwa ikapanuliwa, amoksilini na kotrimoksazoli zikiwamo. Mpango huo ulienea baadaye Tanzania Bara nzima. Nauona kuwa uamuzi wa busara, kwani ulikubali hali ilivyo badala ya kuikemea. Lakini umemtwika muuzaji wa kijijini mzigo wa kutofautisha ugonjwa na ugonjwa, na lugha anayoitumia na wateja wake haijamsaidia.

Namna ya kutumia ni rahisi. Nawa mikono. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni. Gamba lilainishwe kwa maji ya uvuguvugu mpaka lilegee, kwa kuwa dawa iliyopakwa juu ya gamba inatibu gamba. Kausha. Paka utando mwembamba, mara mbili au tatu kwa siku kama ulivyoelekezwa, mdomo wa tyubu usiguse kidonda. Nawa tena. Kwa mupirosini siku 5 hutosha kwa kawaida, na isizidi 10. Siku 3 hadi 5 zikipita bila nafuu, rudi ukaonwe: huenda si bakteria, au bakteria amekwisha kuwa sugu. Tyubu ni ya mtu mmoja. Taulo pia, maana impetigo huhama haraka kwa watoto wanaolala kitanda kimoja. Ya ngozi haiingii machoni kamwe.

Watu hudhani kwamba dawa ya kupaka haiingii mwilini. Kwenye ngozi nzima huingia kidogo sana. Kwenye jeraha pana au palipoungua huingia hasa. Neomaisini ikiingia kwa wingi hudhuru figo na masikio, na uziwi wake haurudi nyuma. Marhamu ya mupirosini huwa na poliethilini glikoli inayotolewa na figo, kwa hiyo mwenye figo dhaifu asiipake mahali papana. Neomaisini na basitrasini pia huleta mzio wa ngozi kwa baadhi ya watu: kidonda kinazidi kuwasha na kuwa chekundu, mgonjwa anadhani ugonjwa umeongezeka, anapaka zaidi.

Ile desturi ya kufungua kapsuli, rangi mbili kama tunavyoiita, na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda, iko katika kundi hilo la kuleta mzio. Penisilini ya kupaka ilijaribiwa miaka ya 1940 ikaachwa, kwa sababu iliwafundisha wengi mzio, na mtu mwenye mzio huo akichomwa sindano ya penisilini baadaye anaweza kufa. Amoksilini ni penisilini. Unga wa kapsuli ulitengenezwa kwa ajili ya tumbo.

Kidonda safi kisicho na maambukizi hakihitaji antibiotiki hata kidogo. Mwaka 1996 watafiti wa jeshi la Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa 922 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi: wengine walipakwa basitrasini, wengine mafuta meupe ya mgando. Maambukizi yalikuwa machache pande zote mbili na tofauti yake haikuwa ya maana kitakwimu, ila waliopata mzio wote walikuwa upande wa basitrasini. Mafuta ya mgando yapo kila nyumba.

Ninayoiogopa kuliko zote ni tyubu ya mseto, yenye dawa ya bakteria, ya fangasi na steroidi kwa pamoja. Inapendwa kwa kuwa kila kitu kinaonekana kupona nayo siku ya pili. Steroidi imezima wekundu na mwasho. Fangasi anaendelea kutambaa chini kimyakimya, sura yake imebadilika hata daktari hamtambui. Ngozi ikizoea inakonda na kuchanika, hasa usoni, na ndizo steroidi hizohizo zinazotiwa katika mikorogo ya kung'arisha ngozi. Kujikinga kunahitaji kusoma herufi ndogo. Jina la dawa ya kupaka likiishia na zole, kama clotrimazole au miconazole, kwa kawaida ni ya fangasi. Likiishia na sone, kama betamethasone au hydrocortisone, kwa kawaida ni steroidi. Angalia clobetasol isikuchanganye: mwisho wake unafanana na wa fangasi, lakini ni steroidi tena kali mno. Za bakteria huandikwa mupirocin, fusidic acid, gentamicin, neomycin au bacitracin. Ukikuta majina matatu ya makundi matatu katika tyubu moja, usiinunue bila kuonwa na mganga au daktari.

Kuhusu usugu, Nyuzilandi inatosha kuwa shahidi. Mwaka 1991 mupirosini iliruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Watu wakaipaka kila mkwaruzo, stafilokoka wasioisikia wakaongezeka, na mwaka 2000 serikali ikairudisha kwenye cheti. Madaktari wakahamia asidi ya fusidiki, na usugu dhidi yake nao ukapanda. Nchi hiyo ina maabara na takwimu za kuyaona hayo mapema. Zahanati ya kijijini kwetu haioteshi usaha kwenye maabara kabla ya kuandika dawa.

Karatasi nyingi zilizomo ndani ya makasha ya tyubu hizi zimeandikwa Kiingereza kwa herufi ndogo, na muuzaji wa Duka la Dawa Muhimu ndiye mkalimani pekee. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) wakae pamoja, waamuru juu ya kila kasha mistari miwili ya Kiswahili kwa herufi kubwa: "Marhamu ya antibiotiki. Kwa bakteria wa ngozi tu. Si ya fangasi, si ya macho. Usipopata nafuu kwa siku 5, acha, nenda kituo cha afya." Mpaka hapo watakapofanya hivyo, muuzaji mwenye kalamu anaweza kuyaandika mwenyewe kabla ya kumkabidhi mteja kasha lake.